Shajara ya mradi: redio ya Premio iliyogotea 90.0

Jumatatu, jioni

Namba zinapanda 89.8, 89.9, 90.0, halafu zinaruka hadi 76.0 na kuanza upya. Nimekaa kwenye kiti cha dereva nikibonyeza kitufe hicho kwa dakika kumi, mwenye gari akiwa amesimama mlangoni, na redio haikuvuka pale hata mara moja.

Gari ni Toyota Premio iliyoletwa kutoka Japani, na redio ni ile ile iliyokuja nayo: ya CD, vitufe vya kawaida, haina ramani. Mwenyewe ni mwanajeshi mstaafu anayebeba abiria wa kukodi, na steji yake iko hapa hapa Ndeeba, Kampala, ng'ambo ya barabara ya Masaka. Yeye ni mtu wa Arua, mimi wa Busia. Kiswahili chake cha kambini na changu cha mpakani vimeelewana tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mazungumzo yetu yote ni kwa lugha hiyo, na daftari hili naliandika hivyo hivyo.

Anachotaka kinaeleweka. Jumamosi asubuhi anataka mjadala wa siasa kwenye 91.3. Habari anazitaka kwenye 93.3. Abiria wakiingia wanaomba 97.3. Redio yake inampa Sanyu kwenye 88.2, CBS kwenye 88.8 na 89.2, na Radio One iliyoponea pale ukingoni, 90.0 kamili. Sehemu kubwa ya Kampala imebaki nje.

Nikamwuliza, "Afande, mbona usinunue redio nyingine? Soko la Kisekka zimejaa."

"Fundi, hii ni nzima. Sauti yake umeisikia mwenyewe. Kitu kizima nikitupe kwa kosa gani?"

Nakubaliana naye, na ndiyo sababu nimeichukua kazi hii.

Redio hiyo haina kosa. Japani waliipa FM nafasi ya MHz 76 hadi 90 kwa sababu kuanzia 90 hadi 108 palikuwa na televisheni: chaneli ya 1, ya 2 na ya 3, kila moja na MHz 6 zake. Televisheni ile ya zamani ilizimwa tarehe 24 Julai 2011 katika sehemu kubwa ya nchi, na baadaye FM yao ikaruhusiwa kupanda hadi 95. Lakini redio zilizotengenezwa kabla ya hapo zinajua mwisho wa dunia ni 90. Sisi tunaanzia 87.5 na kwenda hadi 108. Kwa hiyo kati ya redio ya Mzee na hewa ya Kampala kuna MHz mbili na nusu tu za kukutana.

Nyuma ya redio nimekuta kile kisanduku cheusi cha kushusha masafa, kimefungwa kwa selotepu kwenye waya wa antena. Mtu alishajaribu. Kazi ya kisanduku hicho ni kuchukua masafa yote na kuyashusha kwa kiasi kimoja. Hiki kinashusha kwa MHz 12. 91.3 inakuwa 79.3, 93.3 inakuwa 81.3, na dereva analazimika kupiga hesabu akiwa barabarani. Hilo lingevumilika. Tabu yenyewe ni kwamba vituo vyenye nguvu vinapenya bila kushushwa. Galaxy ya 100.2 ikishushwa inaangukia 88.2, na pale Sanyu yupo tayari, kwa hiyo unasikia wawili wakigombana. Vilivyo juu ya 102 havifiki kabisa. Nimekichomoa, nikachomeka antena moja kwa moja, nikaichukua redio hadi dukani kwangu.

Betri nimeifungua upande wa hasi kwanza. Kabla ya hapo nilihakikisha redio hii haina namba ya siri. Ziko zinazojifunga zikikosa umeme, kisha zinakaa hapo zikiomba msimbo ambao mwenye gari hakuwahi kupewa. Hii haina.

Jumanne

Juu ya meza. Nimeilisha umeme wa volti 12 kupitia fyuzi ya ampea 2: waya wa bluu wenye mstari wa njano ndio wa kudumu, kijivu ni wa swichi ya gari, kahawia ni hasi. Antena ni kipande cha waya cha sentimita 75, ambacho ni robo ya wimbi la MHz 100. Inaimba vizuri, hadi 90.0.

Nimefungua kifuniko cha juu, kisha cha chini. Kabla ya kushika chuma cha kulehemu nilitaka jibu la swali moja: je, masikio ya redio hii yanaweza kusikia zaidi ya 90? Katika redio za zamani tyuna, sehemu inayopokea mawimbi, ilikuwa na koili zilizopangwa kwa masafa ya Japani peke yake, na hapo hata ukibadilisha akili yake, masikio hayafuati. Nimesoma namba iliyo mgongoni mwa aisii (chipu) ya tyuna kwa lenzi, nikatafuta karatasi yake ya maelezo. Inapokea kuanzia MHz 65 hadi 108. Kwa hiyo uwezo upo, na kinachoizuia ni amri.

Amri hiyo inatoka kwa maikrokontrola, ile chipu inayoiongoza redio. Kiwanda hakitengenezi bodi moja kwa ajili ya Japani, nyingine ya Marekani na nyingine ya Ulaya. Bodi ni ile ile. Redio inapopata umeme, maikrokontrola inatazama miguu yake miwili mitatu na kuuliza: mguu huu una volti au hauna? Majibu hayo ndiyo yanayoiambia iko nchi gani. Na anayeweka volti pale ni rezista, kile kipande kidogo kinachozuia umeme usipite wote. Ikiwekwa upande wa juu, mguu unavutwa kwenye volti 3.3. Ikiwekwa upande wa chini, mguu unavutwa kwenye hasi. Nafasi zote mbili zimechorwa kwenye bodi, kiwanda kinajaza moja na kuacha nyingine tupu.

Kwa hiyo nilichokuwa natafuta ni nafasi tupu. Saa mbili nzima nimezunguka maikrokontrola hiyo kwa mita ya umeme, ncha moja kwenye mguu, nyingine kwenye pedi, yaani kile kibati kidogo cha shaba ambapo kipande hulehemewa. Nafasi tupu ni nyingi, na nyingi hazihusiani na jambo hili. Jozi niliyoitaka ina umbo lake: pedi tatu kwa mstari, ya kati inakwenda kwenye mguu, ya juu inakwenda kwenye 3.3, ya chini inakwenda kwenye hasi, na kati ya nafasi mbili hizo moja tu ndiyo imejazwa. Nimezipata jozi mbili kama hizo, zimekaa bega kwa bega. Nimeziita A na B. Zote mbili zimejazwa juu. Rezista zake mita inasoma kilo-omu 10.

Nimezipiga picha kabla ya kugusa, nikachora na kwenye daftari.

Jumatano

Leo sikuigusa redio ya Mzee kabisa.

Rezista hizi ni za saizi inayoitwa 0402: urefu milimita 1, upana nusu milimita. Punje ya wimbi ni kubwa kuliko hiyo. Juu ni nyeusi, ncha mbili za fedha, hazina namba yoyote kwa sababu hakuna mahali pa kuiandika. Rezista kubwa za 0805 nimezitoa tangu nikiwa mwanafunzi, lakini hizi sijawahi kuzitoa na kuzirudisha zikiwa hai, na gari la watu si mahali pa kujifunzia.

Nimekwenda Mutaasa Kafeero, kwenye maduka ya simu, kwa dada mmoja ninayemfahamu. Ana darubini ya mezani, na kazi yake ya kila siku ni vitu vidogo kuliko hivi. Nimenunua kwake bodi sita za simu zilizokufa. Akaniuliza za nini, nikamweleza.

"Kaka, nionyeshe unavyotoa."

Nikashika chuma, nikaweka ncha kwenye upande mmoja, nikahamia upande wa pili haraka, nikarudi. Kabla sijafika mara ya tatu akanishika mkono.

"Hapo unasukuma. Ukisukuma kabla haijaachia, inaondoka na pedi. Tazama."

Aliweka fluksi kwanza, dawa ya kusaidia lehemu kushika, tone dogo la mafuta ya njano lililofunika rezista nzima. Kisha akayeyusha lehemu yenye risasi juu ya ncha zote mbili, nyingi kuliko ningethubutu kuweka, hadi rezista ikafunikwa na donge moja linalong'aa. Hili ndilo lililonifungua macho. Lehemu ya kiwandani siku hizi haina risasi na inayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Yenye risasi inayeyuka kwenye 183. Ukizichanganya, donge zima linabaki majimaji kwa muda mrefu, na rezista ndani yake inakuwa haijashikwa na chochote. Akageuza ncha pana ya chuma ikagusa pande zote mbili kwa pamoja, akahesabu kimoyomoyo, na ile punje ikatembea yenyewe. Niliiona kwenye darubini: ilitikisika, ikazunguka kidogo kama kipande cha kuni kwenye dimbwi, ikang'ang'ania ncha ya chuma. Akainua mkono, ikainuka nayo.

"Ikielea ndiyo unaichukua. Isipoelea, subiri. Kibano ni cha kupokea, si cha kung'oa."

Nimekaa pale hadi jioni. Nimetoa 34 na kurudisha 20. Za kwanza nane ziliharibu pedi mbili, na moja iliruka sijui ilikoangukia. Kuanzia ya kumi na tano mkono ulianza kuelewa. Kurudisha ni kazi nyingine: unafuta lehemu yote ya zamani kwa utambi wa shaba, unaacha kidogo sana kwenye pedi moja, unashika rezista kwa kibano, unaigandisha upande huo, halafu unalehemu wa pili. Ukiweka lehemu pande zote mbili kwanza, rezista inakaa imeinama mguu mmoja juu.

Hakunidai chochote zaidi ya bei ya bodi.

Alhamisi

Nimeanza saa mbili asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Utepe wa manjano unaovumilia joto nimeuzungusha kuilinda maikrokontrola na vile vikapasita vya kahawia vya jirani. Chuma nyuzi 350. Bodi hii ina koti jembamba la vanishi juu yake, kama bodi nyingi za gari, la kuzuia unyevu. Nimelilainisha kwa spiriti na kulikwangua kwa kijiti cha mianzi kuzunguka A na B tu. Vanishi ikibaki, fluksi haishiki na chuma kinateleza.

A-juu imetoka kwa namna ile ile aliyonionyesha dada. Sekunde nne. Pedi zote tatu zinang'aa. Nimeigandisha rezista kwenye selotepu na kuandika jina lake.

Nikawasha redio. Ikasoma 87.9, nikasimama nimeshika meza. Nikachomoa umeme wote, nikaurudisha: 76.0. Nikachomoa tena, nikarudisha: 87.9. Nikasogeza kidole karibu na jozi A bila kuigusa, nikachomoa na kurudisha: 76.0.

Nilichofanya ni nusu ya kazi. Nimeuondoa mguu kwenye volti 3.3 lakini sikuupeleka popote. Mguu wa aina hiyo unaning'inia hewani na kuokota chochote kinachopita, umeme wa mwilini kupitia kidole, mlio wa transfoma, na kila redio inapoamka unatoa jibu lingine. Mtu akiiona 87.9 mara ya kwanza akaifunga na kumrudishia mteja, atakuwa amemrudishia gari ambalo siku moja litaamka Kampala na siku nyingine litaamka Osaka. Ukitoa juu, lazima uweke chini.

Nikawa najiandaa kuiweka A-chini, umeme ukakatika. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Ulirudi baada ya saa kumi jioni, na kufikia hapo macho yalikuwa yamechoka. Nimefunika bodi. Kazi hii haifanywi na macho yaliyochoka.

Ijumaa

A-chini imeingia. Upande wa chini umeungana na uwanja mpana wa shaba wa hasi, na uwanja huo unanyonya joto kama sponji, kwa hiyo ilibidi nipandishe chuma hadi 380 na kushikilia muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nimeliandika hapa kwa sababu limekuja kunigharimu.

Nikachomoa hata ule waya wa umeme wa kudumu, nikasubiri dakika moja, nikarudisha. Hili ni muhimu: redio inatazama miguu ile inapoamka kutoka usingizi mzito tu. Ukiizima kwa kitufe, inaendelea kukumbuka nchi ya jana.

87.9. Nikazima na kuwasha mara kumi, na mara zote kumi 87.9. Nikapandisha: 91.3, safi kabisa. 93.3. 97.3. Kijana anayejifunza kazi kwangu alipiga makofi. Nikampigia Mzee simu, nikamwambia zinasikika. Nilifanya haraka.

Mzee akauliza swali moja: "Na CBS?"

Nikashusha. 88.7, mkwaruzo. 88.9, mkwaruzo. 88.8 haikuwepo. Nikatafuta Sanyu: 88.1, kisha 88.3. Radio One: 89.9, kisha 90.1, na sauti inasikika imechanika kama kitambaa. Redio ilikuwa inaruka 0.2 kila hatua na kukanyaga namba witiri peke yake.

Hiyo ni Marekani. Kule hatua ya FM ni 0.2, na vituo vyote vimepangwa kwenye witiri: 87.9, 88.1, 88.3, kuendelea hadi 107.9. Kampala imechanganya. 91.3, 93.3 na 97.3 zimeangukia kwenye mstari wa Kimarekani kwa bahati. 88.2, 88.8, 89.2 na 90.0 zote ni shufwa. Kwa hiyo Jumatatu Mzee alikuwa na vituo vya shufwa vya chini tu, na leo nimempa vya witiri na kumnyang'anya vile alivyokuwa navyo. Hata AM imebadilika: inaruka kHz 10 wakati huku kwetu ni 9. Na sauti imefifia kidogo juu, matoazi hayang'ai. Marekani redio inapunguza sauti nyembamba kwa kipimo cha maikrosekunde 75, wengine tunatumia 50.

Nimeandika kwenye daftari:

A juu, B juu: Japani.
A chini, B juu: Marekani.

Zimebaki mbili. Ulaya ndiyo ninayoitaka, 87.5 hadi 108.0 kwa hatua ya 0.05, ambayo inagusa kila namba ya Kampala, witiri na shufwa. Nadhani ni A juu, B chini.

Nimejilaumu jambo moja. Ningeweza kujua haya yote tangu Alhamisi bila kuhamisha rezista hata moja kwa kudumu. Ningetoa A na B mara moja tu, nikalehemu waya mwembamba kwenye kila pedi ya kati, nikautoa nje ya bodi hadi kwenye rezista kubwa za kawaida za kilo 10, nikazigusisha juu na chini kwa zamu hadi nipate jibu. Baadaye ndipo ningelehemu zile ndogo, mara moja, mahali pake. Kila mara unapopasha pedi moto, gundi inayoishikilia kwenye bodi inachoka. Pedi ya kati ya A imeshapashwa mara mbili, na sasa lazima nirudi mara mbili zaidi.

Jumamosi

B kwanza, kwa sababu pedi zake hazijaguswa. Safari hii nimeipasha bodi nzima kutoka chini kwa hewa moto ya taratibu hadi kama nyuzi 100, ili ule uwanja wa hasi usininyang'anye joto. Tofauti ni kubwa mno. B-juu imetoka, B-chini imeingia, chuma hakikuzidi 340. Ningeifanya hivi jana ningeokoa mengi.

Kisha A, kurudi juu. Nikaweka fluksi, nikaongeza lehemu, nikasubiri ielee. Ikaelea. Nikainua, na pedi ya kati ikainuka nayo, kipande cha shaba kidogo kuliko ukucha wa sisimizi, kimening'inia kwenye rezista kama jani.

Nimeweka chuma chini na kutoka nje. Nimekunywa chai, nimemtazama mwenye rolex (chapati ya mayai) wa jirani akikunja chapati zake, nimerudi baada ya nusu saa.

Chini ya darubini (nilimwomba dada niitumie, nikaibeba redio hadi kwake kwa bodaboda nikiwa nimeifunga kwenye taulo) tuliona kwamba njia ya shaba kutoka pedi ile hadi mguu wa maikrokontrola ilikuwa bado nzima, imekatika mwanzoni tu. Karibu na pale kuna tundu dogo ambalo njia inapitia. Nimekwangua vanishi ya kijani juu ya tundu hilo hadi shaba ikaonekana. Dada alinipa waya wa shaba wenye vanishi, mwembamba kama unywele, uliotoka kwenye spika ya simu. Nimeigundisha rezista kwenye bodi kwa gundi inayokauka kwa mwanga wa taa ya zambarau, ncha moja ikiwa kwenye pedi ya juu, nyingine ikiwa hewani pale pedi ilipokuwa. Nikalehemu waya kutoka ncha hiyo hadi kwenye tundu. Urefu wake ni milimita tatu. Nikapima: kilo-omu 10 kutoka 3.3 hadi mguuni. Nikaufunika wote kwa gundi ile ile, kwa sababu gari linatikisika na barabara zetu tunazijua, na waya mwembamba hivyo usioshikwa unakatika ndani ya mwezi.

Dada alitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Hiyo itakaa." Kwake yeye hayo ni maneno mengi.

Umeme. 87.50.

Nimepandisha hatua kwa hatua, sikutumia utafutaji. 88.20, Sanyu. 88.80 na 89.20, CBS. 90.00, Radio One. 91.30. 93.30. 97.30. 100.20 ikiwa peke yake, hakuna anayegombana nayo. AM inaruka kHz 9. Matoazi yamerudi. Nimezima na kuwasha mara ishirini, mara tano kati ya hizo nikichomoa umeme wote.

A chini, B chini sijaijaribu na sitaijaribu. Pedi hizi zimefanya kazi ya kutosha.

Jioni kijana wangu aliniuliza kama mbinu hii tunaweza kuitumia kwenye visanduku vingine vya gari, maana ameona rezista kama hizi kwenye kile cha mifuko ya hewa. Nimemwambia hapana, na nimemkalisha chini nikamweleza. Redio ikikosea, dereva anakosa habari. Kisanduku cha mifuko ya hewa au cha breki kikikosea, kuna mtu anaumia, na huwezi kukijaribu mara ishirini mezani ukajiridhisha. Visanduku hivyo hatuvigusi kwa chuma hapa dukani, hata mteja akiomba.

Jumatatu

Imerudi garini. Mzee aliendesha, mimi nikashika vitufe: Ndeeba, Busega, Kyengera, hadi Nsangi na kurudi. Vituo vikubwa vilishika njia nzima. Viwili vidogo vilianza kukwaruza baada ya Kyengera, jambo ambalo hata redio mpya zinafanya. Mzee hakusema mengi. Aliiweka 93.3, akapandisha kioo cha dirisha ili asikie vizuri, akaendesha.

Hatua ya 0.05 inamfanya abonyeze mara mbili kwa kila namba, kwa hiyo nimemhifadhia vituo sita kwenye vitufe, na nimemwonyesha namna ya kubadilisha.

Kabla ya kuifunga nilibandika karatasi ndani ya kifuniko cha juu, nimeiandika kwa kalamu isiyofutika, nikaifunika kwa selotepu pana:

*Fundi mwenzangu, bodi hii ilikuwa ya Japani, sasa ni 87.5–108.0. Rezista B imehama kutoka juu kwenda chini. A iko juu kama ya kiwandani, lakini pedi yake ya kati haipo. Imeunganishwa kwa waya chini ya gundi, usiivute. Ukitaka kuirudisha Japani, hamisha B tu, na ipashe bodi kutoka chini kwanza.*

Skrubu nne, kifuniko, na ile nafasi ya nyuma ambapo kisanduku cheusi kilikuwa kimefungwa nimeifuta gundi ya selotepu kwa spiriti.